Kabla hujauza kiwanja ununue dawa ya kansa ya utumbo mpana, uliza kwanza bloku ya mgonjwa iko wapi

#1 MkataNta, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuanza na kuufuta mara nyingi. Leo kwenye grupu moja la WhatsApp nimekuta familia inachangishana kununua dawa ileile tuliyomnunulia baba yetu mdogo. Nimeusoma ujumbe wao mara tatu nikitafuta neno moja tu, sijaliona. Kwa hiyo leo sifuti.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi si daktari, ni fundi wa maabara ya patholojia. Vile vinyama mnavyokatwa hospitalini vinaletwa kwangu ndani ya kopo la fomalini. Navipitisha kwenye kemikali za kutoa maji, navimiminia nta ya moto, nta ikiganda nakata kwa mikrotomu utando mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya umepeperuka. Utando unawekwa kwenye slaidi, unapakwa rangi, mkubwa wangu anautazama kwa hadubini na kuandika majibu. Kinachobaki, yaani kipande cha nta kidogo kuliko kiberiti chenye kinyama ndani yake, ndiyo bloku. Likumbukeni hilo neno.

Baba mdogo alianza kuona damu chooni. Akaambiwa bawasiri. Akapaka dawa, akala mapapai, akakatazwa pilipili, ikapita miezi minane. Alipokuja kuingizwa kamera, uvimbe ulikuwa umekaa upande wa kushoto wa utumbo mpana, na CT ikaonyesha ini lina madoa. Hatua ya nne. Akapasuliwa, akaanza kemo, akarudisha mwili, hata shamba akaenda. Mwaka ulipogeuka madoa ya ini yakaanza kukua tena. Hapo ndipo tukatajiwa cetuximab.

Bei sitaiandika, ila kiwanja kiliuzwa, na ng'ombe wa bibi wakauzwa, na aliyekuwa na gari akawa hana. Dripu za kwanza zilipoingia baba mdogo akatoka chunusi uso mzima na mgongoni. Tukaambiwa hiyo ni dalili nzuri, dawa inafanya kazi. Tukawa tunazihesabu zile chunusi kwa furaha, wallahi. Baada ya miezi miwili kipimo kikaonyesha madoa yamekuwa makubwa zaidi ya mwanzo.

Binamu yangu aliyekuwa anasoma India ndiye aliyeniuliza kwa simu: "RAS yake ikoje?" Nikakaa kimya. Mimi ambaye kila siku nakata bloku za watu, bloku ya baba yangu mdogo ilikuwa kwenye kabati la chuma maabara ya hospitali nyingine na sikuwahi kufikiria kuiulizia. Tukaifuata, tukaituma. Jibu: KRAS, mutesheni ya G12D, yaani jeni ya KRAS ndani ya uvimbe imebadilika. Maana yake dawa ile isingemsaidia tangu dripu ya kwanza. Wakati jibu linafika yeye alishakuwa kwenye mofini.

Sasa nieleze nilichojifunza baadaye, maana hasira peke yake haimsaidii mtu.

Fikiria bodaboda. Juu ya seli ya utumbo kuna kipokezi kinaitwa EGFR. Huo ni mkono wa dereva kwenye akseli. Mkono ukizungusha, amri inapita kwenye waya kwenda kwenye injini, na injini ndiyo inaiambia seli igawanyike. Waya huo ni familia ya protini za RAS: KRAS, NRAS na HRAS. Cetuximab na mwenzake panitumumab ni kingamwili zinazoushika mkono wa dereva usizungushe. Vizuri. Lakini waya ukiwa umekwama, umejikunja huko chini na kubaki umevutwa, hata dereva ukimshusha kabisa pikipiki itaendelea kuunguruma. Mutesheni ya KRAS ndiyo waya uliokwama. Unalipa mamilioni kumshika mkono mtu ambaye hana kazi tena.

Na chunusi? Ngozi ina EGFR zake, na ngozi ya baba mdogo haikuwa na mutesheni yoyote. Dawa ilikuwa inafanya kazi kwelikweli, kwenye ngozi.

Hili halikujulikana siku zote. Cetuximab iliruhusiwa Marekani Februari 2004 na kwa miaka kadhaa walipewa watu bila kuangalia jeni. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kanada na Australia kwa wagonjwa ambao kemo zilishawaishia. Waliokuwa na KRAS nzima na wakapewa dawa waliishi miezi 9.5 kwa hesabu ya katikati (nusu yao walizidi hapo, nusu hawakufika), na wenzao waliotunzwa tu bila dawa hiyo miezi 4.8. Karibu mara mbili. Waliokuwa na KRAS iliyobadilika: miezi 4.5 kwa dawa, 4.6 bila dawa. Someni tena hiyo sentensi ya mwisho, mimi niliisoma usiku nikatoka nje kupunga upepo.

Na si kwamba inakosa faida tu. Mwaka 2013 utafiti wa panitumumab ikichanganywa na kemo ya FOLFOX ulionyesha kwamba wenye mutesheni yoyote ya RAS waliopewa mchanganyiko huo waliishi miezi 15.6, na waliopewa kemo peke yake 19.2. Dawa iliwapunguzia. Toka hapo ikawa lazima kupima KRAS na NRAS zote, si ile sehemu moja ya KRAS iliyokuwa ikipimwa mwanzo, kabla chupa haijafunguliwa.

Karibu nusu ya wagonjwa ambao kansa ya utumbo mpana imeshasambaa wana mutesheni ya RAS. Nusu! Kwa hiyo ukinunua bila kupima unarusha sarafu, na sarafu yenyewe ni kiwanja cha ukoo.

Nitaendelea na jeni nyingine iitwayo BRAF, na ile dawa ya "asilimia mia" mliyotumiwa WhatsApp. Ngoja nile kwanza.

#2 Chumvini

Naweka kambi hapa. Pole sana mkuu kwa baba mdogo.

#3 Kibarazani_Tanga

Pole kaka. Swali la mtu asiyejua: hiyo mutesheni maana yake ni ya kurithi? Watoto wake nao waogope?

#4 MkataNta

@Kibarazani_Tanga swali zuri, na watu wengi wanaogopeshwa bure hapa.

Hizi KRAS, BRAF na nduguze ni mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu akiwa mzima. Seli za utumbo zinajigawanya kila siku, na kila zinaponakili jeni kuna makosa ya kunakili. Kosa la kwanza mara nyingi linaangukia jeni iitwayo APC, ambayo ni breki. Hapo inaota polipu, kijinundu kidogo tu. Mengine yanafuata, KRAS, kisha TP53, na polipu inageuka kansa kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Ndiyo maana kamera ikiiona polipu na kuitoa, umeua kansa ambayo haijazaliwa. Mtoto harithi makosa hayo.

Kinachorithiwa ni kitu kingine, nitakigusa nikifika kwenye mfumo wa kurekebisha makosa ya kunakili.

#5 BintiMuscat

Assalaam aleikum. Kaka MkataNta, nimesoma huku mikono inatetemeka. Mama yangu yuko Unguja, mimi niko Muscat kikazi. Ripoti yake imekuja juzi, nimeandikiwa vilevile: KRAS G12D. Daktari alikuwa na haraka, kasema tu "hii si nzuri". Niambie kweli, ndiyo basi tena?

#6 MkataNta

Waaleikum salaam dada. Pole na safari ya mbali na mama.

Hapana, si "basi tena". G12D ndiyo mutesheni ya KRAS inayoonekana zaidi kwenye kansa hii, kwa hiyo mama hana kitu cha ajabu. Herufi zinasema hivi: kwenye protini ya KRAS, nafasi ya 12, tofali linaloitwa glisini limetolewa, likawekwa aspatiki. Tofali moja. Protini ikipoteza hilo tofali inashindwa kujizima.

Inachokuondolea ni cetuximab na panitumumab. Kemo zile za kawaida zinabaki, na bevacizumab, ile inayobana mishipa inayoulisha uvimbe, inaweza kuongezwa bila kujali RAS ikoje. Na kama madoa yako kwenye ini tu na ni machache, muulize daktari wa upasuaji kama yanakatika. G12D haimzuii mtu kupasuliwa. Ukweli mwingine sitauficha: kwa ujumla wenye RAS iliyobadilika wanaishi muda mfupi kidogo kuliko wenye RAS nzima. Lakini hiyo ni hesabu ya watu wengi, mama yako ni mmoja.

Kwa miaka zaidi ya thelathini KRAS ilisemekana haina dawa kwa sababu ni laini kama kokoto la mtoni, hakuna pa kuishika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakapata kijishimo kwenye aina moja, G12C. Leo kuna vidonge viwili, sotorasib na adagrasib, vimeruhusiwa Marekani vikitolewa pamoja na panitumumab au cetuximab. Kwenye utafiti wa sotorasib na panitumumab ugonjwa ulishikiliwa kwa miezi 5.6, na kwa dawa za kawaida 2.2. Ila G12C ni kama wagonjwa 3 au 4 tu kati ya 100 wa kansa hii. Za kulenga G12D ziko kwenye majaribio sasa hivi. Usije ukauziwa sotorasib na mtu kwa sababu tu "nayo ni KRAS". Herufi ya mwisho ndiyo inayoamua, D si C.

#7 MzeeWaMajani

Vijana mnahangaika na majina ya kizungu. Majani ya stafeli yamewekwa bure na Mungu. Chemsha, kunywa asubuhi na jioni, siku 40. Nimeona watu wamepona.

#8 Chumvini

Mzee umeona ripoti zao za kabla na baada au uliwaona wanatembea?

#9 MkataNta

Tusimkejeli mzee. Shikamoo mzee wangu. Niseme moja tu: stafeli limejaribiwa kwenye vyombo vya kioo maabara, na kwenye kioo hata chumvi inaua seli za kansa. Aliyepona kwa kuyanywa, mimi ningeomba kuona bloku yake, nijue kweli ilikuwa kansa na si polipu au vidonda. Na wanaokunywa huku wako kwenye kemo, mwambieni daktari wenu, msifiche. Ini linalosafisha hayo majani ndilo hilohilo linalosafisha kemo.

Turudi. BRAF.

BRAF iko chini ya RAS kwenye ule waya wa bodaboda, karibu na injini. Mutesheni yake maarufu ni V600E, na inapatikana kwa wagonjwa kama 8 hadi 10 kati ya 100 wenye kansa iliyosambaa. Mara nyingi uvimbe unakuwa upande wa kulia wa utumbo. Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko zote, maana walioipata walikuwa wanaishi takribani nusu ya muda wa wenzao.

Hapa kuna kisa kinachonifurahisha, samahanini kama ni udaku wa maabara. Mutesheni hiyohiyo iko kwenye kansa ya ngozi ya melanoma, na kidonge cha kuzima BRAF kiliwasaidia karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma. Wakakipeleka kwenye utumbo wakitegemea muujiza, kikagoma. Karibu hakuna aliyenufaika. Mwaka 2012 watu wa taasisi ya saratani ya Uholanzi kule Amsterdam wakagundua kwa nini: seli ya utumbo ukiizimia BRAF, inashtuka na kuipandisha EGFR kwa nguvu, na EGFR inaiwasha injini kupitia njia ya pembeni. Melanoma haina EGFR nyingi, kwa hiyo haina hiyo njia ya panya. Dawa ikawa ni kuzima vyote viwili kwa pamoja: encorafenib chini, cetuximab juu.

Matokeo ya 2019, kwa watu ambao kemo ilishawashinda: miezi 8.4 badala ya 5.4. Wengine mtasema miezi mitatu ni nini. Sawa. Lakini walipoacha kuisubirisha na kuianza mwanzoni pamoja na kemo, matokeo ya 2025 yakawa miezi 30.3 badala ya 15.1. Mara mbili! Mutesheni ileile, kilichobadilika ni kwamba dawa ilianza mapema pamoja na kemo, na huwezi kuianza mapema bila kupima mapema.

#10 Dkt_wa_Zamu

Nimesoma kimya kimya, niongeze kidogo kama mtu wa wodini.

MkataNta yuko sahihi, ila RAS nzima peke yake haitoshi kufungua chupa. Angalia uvimbe ulianzia wapi. Utumbo wa kulia na wa kushoto umetokana na sehemu tofauti wakati mtoto anaumbwa tumboni, na kansa zake ni kama kansa mbili. Mwenye RAS na BRAF nzima na uvimbe wa kushoto ndiye anayenufaika na cetuximab pale mwanzoni. Wa kulia mara nyingi tunaanza na kemo na bevacizumab. Kwa hiyo wagonjwa wakija na ripoti naomba ije na maelezo ya kamera pia.

Na tusisahau hatua. Takwimu za Marekani: kansa ikiwa bado imekaa palepale ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka mitano. Ikisambaa mbali, hawafiki 20. Hakuna jeni inayoshinda tofauti hiyo. Baba mdogo miezi minane ya bawasiri ndiyo iliyomuumiza kabla ya KRAS.

#11 MkataNta

@Dkt_wa_Zamu hapo umenigusa pabaya lakini ni kweli. Mtu wa miaka 58 anayetoka damu chooni asipewe dawa ya kupaka bila kutazamwa ndani. Hata kidole tu hakikuingizwa, daktari. Kidole.

#12 Kiduchu_Mvita, Mombasa

Hamjambo nyote. Mie nataka kuuliza ile dawa ya WhatsApp. Mwaka 2022 ilisambazwa kwamba kule Marekani wagonjwa wote wamepona asilimia 100. Ndugu yangu mkubwa ana kansa ya rektamu (mwisho wa utumbo mpana), familia imeng'ang'ania dawa hiyo. Ni kweli au ni porojo?

#13 MkataNta

Ni kweli, na ndiyo maana ni hatari.

Dawa inaitwa dostarlimab. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitangaza 2022 kwamba wagonjwa 12 wa kansa ya rektamu walipewa kwa miezi sita, kila wiki tatu, na wote 12 uvimbe ulitoweka. Hakuna kisu, hakuna mionzi, hakuna kemo. Mwaka 2025 wakafika 49 na wote 49 vilevile. Sijawahi kusoma kitu kama hicho tangu nianze kazi.

Lakini ule ujumbe wa WhatsApp ulikatwa mkia. Wote hao walikuwa na kansa ya aina moja adimu, ambayo mfumo wa kurekebisha makosa ya kunakili jeni umekufa. Nilisema seli inakosea inaponakili. Kuna protini nne zinazopita nyuma kama mhariri wa gazeti na kusahihisha: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Moja ikikosekana, makosa yanajaa maelfu kwa maelfu. Hali hiyo kwenye ripoti inaandikwa dMMR (MMR ndiyo huo mfumo wa kurekebisha) au MSI-H.

Makosa mengi ndiyo yanaifanya kansa hiyo ionekane. Seli inakuwa na sura ngeni kiasi kwamba askari wa kinga wanaitambua, ila kansa inawaonyesha kitambulisho bandia wanaiacha ipite. Dostarlimab, pembrolizumab na nivolumab zinaziba hicho kitambulisho. Kwa kansa ya kawaida ya utumbo, isiyo na makosa mengi, ukiziba kitambulisho askari bado hawaoni cha kukamata. Utafiti wa Johns Hopkins uliotoka 2015 uliwapa pembrolizumab wagonjwa wa aina zote mbili: wenye kasoro hiyo walinufaika 4 kati ya 10, wasio nayo 0 kati ya 18. Sifuri.

Kwa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa, wenye MSI-H ni kama 4 au 5 kati ya 100. Kwao pembrolizumab ikitolewa mwanzoni ilishikilia ugonjwa miezi 16.5, na kemo miezi 8.2.

Sasa ndugu yangu Kiduchu, habari njema: kujua kama kaka yako yumo haihitaji mashine ya kusoma jeni. Ni kupaka rangi slaidi nne kutoka kwenye bloku, rangi moja kwa kila protini. Ni kazi ya maabara ya patholojia yenye vitendanishi, si kazi ya roketi. Muulizeni daktari hivi: "Je, slaidi za MMR zimepakwa?" Zikionyesha protini zote nne zipo, isahauni dostarlimab, hela hiyo ilishe watoto wake. Ikionyesha moja haipo, basi familia ina haki ya kung'ang'ania.

Na hapa ndipo kurithi kunapoingia, @Kibarazani_Tanga. Baadhi ya wenye kasoro hii walizaliwa na jeni moja ya mhariri imeharibika. Inaitwa Lynch. Ni kama wagonjwa 3 kati ya 100 wa kansa ya utumbo. Kila mtoto wa mtu huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na wanawake wanaongezewa hatari ya kansa ya mji wa mimba. Ndugu wenye jeni hiyo wanatakiwa kuingizwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, kuanzia ujanani. Kwa wazee wengi, lakini, MLH1 imezimwa tu ndani ya uvimbe, hairithiwi. Na tukikuta BRAF V600E hapohapo tunapumua, karibu hakika si Lynch.

Jambo moja zaidi ambalo watu wa hatua ya pili hawaambiwi: mwenye MSI-H hatua ya pili, aliyepasuliwa vizuri, ana matumaini makubwa, na ile kemo ya 5-FU peke yake haimwongezei kitu. Kipimo cha slaidi nne kinaweza kumwondolea miezi sita ya kutapika.

#14 Fundi_Saa

Wakuu kuna jamaa kasema kazini aspirini inazuia kansa ya utumbo isirudi. Nimeanza kumeza mbili kila siku.

#15 MkataNta

Fundi, acha hizo mbili kwanza. Una kansa?

Kilichopo ni hiki. Mwaka 2025 nchi za Nordiki, Uswidi wakiongoza, walitoa matokeo: wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, wenye mutesheni kwenye njia ya PI3K (jeni ya PIK3CA na wenzake), walipewa aspirini miligramu 160 kwa siku kwa miaka mitatu. Kwa kundi la PIK3CA ugonjwa ulirudi kwa 7.7 kati ya 100, na kwa waliopewa kidonge bandia 14.1. Kidonge cha bei ya pipi! Karibu wagonjwa 37 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na mutesheni za njia hiyo. Lakini ni kwa waliopimwa, waliokwisha kupasuliwa, na daktari anajua, kwa sababu aspirini inatoboa tumbo na kutoa damu. Mtu mzima asiye na kansa kumeza mbili kila siku kwa sababu jamaa kasema kazini ni mambo mengine kabisa.

#16 Fundi_Saa

Sina kansa mkuu. Nimeacha.

#17 Kiduchu_Mvita

Shukran sana. Kikwazo kingine: tumeenda pale alipokatwa kinyama, tumeambiwa bloku huenda haipo, ilikuwa mwaka juzi. Tena kinyama chenyewe kilibebwa na mjomba kwenye kopo, sijui lilikuwa na nini ndani.

#18 MkataNta

Hilo la mjomba na kopo linaniuma roho. Huku kwetu ndugu ndio wanaobeba kinyama kwenda maabara, na mimi nimepokea vinyama ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka lililooshwa, ndani ya maji ya dripu, ndani ya spiriti, mara moja ndani ya maji ya bomba. Kinyama kwenye maji kinaoza. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyowekewa bafa, iwe nyingi kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kikae humo saa 6 hadi 72. Kikikaa wiki tatu kwa sababu mtu hakuwa na hela ya kipimo, jeni zinakatikakatika na mashine ya kuzisoma itasema "sampuli haifai" baada ya wewe kulipa.

Kuhusu bloku ya mwaka juzi: usikubali "huenda". Kanuni za wanapatholojia wa Marekani zinataka bloku zitunzwe miaka 10, na maabara nyingi za huku zinajitahidi kufuata mfano huo. Nenda na namba ya maabara iliyoko juu ya ripoti, si jina la mgonjwa tu. Namba ndiyo tunayotafutia. Muombe msimamizi wa maabara, si wa dirishani. Kama alipasuliwa baadaye, bloku za upasuaji ndizo bora zaidi kwa jeni, zina kansa nyingi kuliko kile kinyama cha kamera.

Zikikosekana kabisa, kuna kukatwa kinyama upya, au kipimo cha damu kinachotafuta vipande vya jeni za kansa vinavyoelea. Hicho cha damu kina faida nyingine: mtu aliyekuwa na RAS nzima akikaa kwenye cetuximab, baadhi ya seli zake hujifunza kubadilika na RAS iliyokwama inaonekana kwenye damu. Kansa haikai kusubiri.

Bloku zinazohitaji kusomwa jeni nyingi huku kwetu nimeona zikisafirishwa India au Afrika Kusini. Si lazima mgonjwa asafiri. Nta ndiyo inapanda ndege.

#19 BintiMuscat

Kaka, nimempigia daktari mwingine, wa upasuaji wa ini. Kasema nimpelekee CT ya mama aangalie kama madoa yanakatika, ni mawili tu. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Nimekata tiketi ya Ijumaa.

#20 Dkt_wa_Zamu

Mwambie aandike na kazi ya ini na lini alipata kemo ya mwisho, wataviulizia. Safari njema.

#21 Kiduchu_Mvita

Wamezipata! Mbili, zimeandikwa A1 na A2, zilikuwa kwenye sanduku la chini kabisa. Nimetia saini kwenye daftari. Kesho nazipeleka maabara nyingine zikapakwe hizo rangi nne. Nibebe ipi, A1 au A2?

#22 MkataNta

Zote mbili, pamoja na nakala ya ripoti. Wao watachagua yenye kansa nyingi. Zifunge kwenye pamba ndani ya boksi gumu, zisigongane.

Na ndugu yangu, ukisimama njiani kula, usiziache kwenye gari juani. Nta inalainika.